Sufu Nyeusi ya Hulda Neubert

Watu wa mji wetu wa Silberhain, huko Saksonia, walivisifu vidole vya Hulda Neubert kabla ya kumsifu yeye mwenyewe. Tangu ana miaka mitano alikuwa akifuma lesi, mto wa kufumia mbele yake, vijiti thelathini na kitu vinagongana kama mvua ya mawe, naye hata haviangalii. Wachuuzi wa Annaberg walipoingia mjini kwetu waliulizia kwanza nyumba yake. Halafu zikaja mashine za kufuma huko Plauen, wachuuzi wakaadimika, na vidole vile vikabaki havina kazi. Ndipo kiwanda cha kuyeyushia madini, kile kilicho kando ya mto Mulde, kikamwita.

Mimi naitwa Lina Seyfert. Nilikaa naye meza moja karibu miaka mitatu, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona, na mengine niliyafanya.

Kiwandani kwetu madini yalichomwa kwanza kabla ya kuyeyushwa, ili salfa iliyomo itoke. Ilitoka kweli. Ilishuka mlimani, ikaua misonobari upande mzima wa mashariki, ikabakiza vigogo vyekundu vimesimama kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Ng'ombe wa wakulima waling'oka meno. Kabichi zetu ziliungua kwenye ncha kabla hazijafunga. Mume wa Hulda, Traugott, alikuwa mchomaji pale tanurini, na kikohozi chake ulikisikia kabla hajakata kona. Wakulima wakashitaki, serikali ya Saksonia ikatoa amri, na kiwanda kikaambiwa: huo moshi ushikeni, msiuachie tu.

Aliyeletwa kuushika ni Daktari Lommer, daktari wa kemia, si wa kuganga. Alikuwa kijana mwenye ndevu chache, akisema na sisi wanawake kama anavyosema na yeyote, jambo ambalo kwetu lilikuwa geni. Siku ya kwanza, mwaka 1886, alituita watatu, Hulda, Selma Uhlig na mimi, akatusimamisha mbele ya mrija wa kioo.

"Hii gesi ya salfa inaitaka hewa," alisema, "lakini ziache pamoja hata mwaka mzima, hazitashikana. Tazameni."

Alichoma salfa kidogo, akaivuta gesi yake pamoja na hewa ipite mrijani, na chini ya mrija akaweka taa ya spiriti. Upande wa pili hakikutoka kitu ila harufu ile ile ya kukaba. Kisha akasokota kipande cha sufu nyeusi, akakisukuma katikati ya mrija, akarudisha taa. Tukasubiri. Mara upande wa pili ukaanza kutoa moshi mweupe, mzito, kama pumzi ya farasi wakati wa baridi.

"Huo ndio tunaoutaka. Tukiupitisha kwenye asidi kali, unazaa asidi zaidi. Kazi yote imefanywa na uso wa metali iliyo kwenye sufu. Ni platini. Gesi inatua juu yake, hewa inatua kando yake, na pale pale usoni ndipo zinapoungana. Zikishaungana zinaondoka, nafasi inabaki wazi kwa nyingine. Platini yenyewe haipungui hata chembe."

Selma hakuwa mtu wa kunyamaza. "Kumbe ni mshenga! Anaozesha watoto wa watu kutwa nzima, na yeye haonji hata keki ya harusi."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Ndivyo hasa, Bibi Uhlig. Na kwa kuwa ni uso tunaoutaka, si uzito, tunaitandaza kwenye nyuzi. Donge moja la platini lina uso wa ukucha. Litandaze vizuri, linakuwa uwanja. Ndiyo maana nimetafuta vidole vya lesi."

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tulichambua asbesto, lile jiwe la nyuzi lisiloungua tuliloliita sufu, kwa mikono mpaka ikawa laini kama nywele za mtoto. Tukailoweka kwenye maji ya platini, ya rangi ya chungwa, tukatia soda na chumvi aliyotupimia Daktari, tukaipasha moto polepole. Sufu nyeupe ikageuka nyeusi mbele ya macho yako, metali imeshaganda juu ya kila uzi. Tukaisuuza, tukaikausha, tukaipanga ndani ya mirija ya chuma, isibane sana wala isilegee. Hulda ndiye aliyejua kuipanga. Mimi nikipanga, gesi ilipata njia ya mkato. Akipanga yeye, haikuipata.

Maji yale ya chungwa yalitufanya tupige chafya. Selma ndiye aliyeteseka zaidi. Pua yake ilikuwa haikauki, kila baada ya dakika chache anavuta leso mfukoni mwa aproni, anafuta, anairudisha. Hulda yeye kilimbana kifua, lakini hakusema. Nyapara wetu, mzee Böhme, alipotusikia alisema, "Mafua ya kike. Vaeni soksi."

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri, nami nasema hivi kwa sababu sitalisema tena jambo la namna hiyo hapa. Moshi wa bomba moja la kiwanda ulipungua, mtu yeyote aliweza kuuona. Majira ya kuchipua Hulda alichimba kitalu nyuma ya nyumba yao ya kiwanda, akapanda kabichi na mche wa plamu. Traugott alisimama mlangoni akimcheka.

"Mke wangu, huo mti utakufa kabla sijafa mimi, na mimi sina muda."

"Nyamaza wewe. Moshi unaisha. Mimi mwenyewe ninaumaliza kwa mikono hii."

Aliamini. Alikuwa mtu wa maneno machache na imani moja moja, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Wiki ya tano baada ya hapo sufu ikafa. Hatukuwa na neno lingine. Jana ilitoa moshi mweupe, leo nusu, keshokutwa gesi ikatoka kama ilivyoingia. Daktari akaongeza moto, akapunguza moto, akapima hewa, wapi. Tukatengeneza sufu mpya. Ikaishi wiki tatu, ikafa. Mkurugenzi akashuka kutoka ofisini kwake, jambo lililokuwa halijawahi kutokea, akasimama mbele ya mirija na kofia yake mkononi kana kwamba yuko msibani, akauliza platini imekwenda wapi.

Kwa sababu ndivyo walivyoelewa. Metali haipungui, Daktari kasema. Basi kama haifanyi kazi, haipo. Na kama haipo, kuna aliyeichukua.

Böhme alitusimamisha ukutani Jumanne asubuhi, mwezi wa Mei. Daktari alikuwa Dresden kwa mikutano yake. Nyapara alituamuru tuvue aproni, akazigeuza mifuko. Aproni ya Selma, mfuko wa kulia, ulikuwa na doa la rangi ya chungwa la upana wa kiganja.

"Hii nini, Uhlig?"

"Ni leso, bwana. Mkono umeloa, napiga chafya, nashika leso, narudisha mfukoni. Harufu yenyewe utaisikia ukitaka."

"Jeuri hiyo."

"Si jeuri, ni kamasi."

Mimi nikacheka. Laiti nisingecheka. Uso wa Böhme ulikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Selma alikuwa amemtania miezi yote, akimwita "tanuri lisilo na moshi", na nadhani mzee yule alikuwa akingojea siku yake. Akamgeukia Hulda, kwa kuwa Hulda ndiye aliyeheshimiwa.

"Bibi Neubert. Wewe unakaa mkabala naye. Umewahi kumwona akitoa mkono kwenye beseni na kuupeleka mfukoni? Nijibu ndiyo au hapana."

Hulda alimtazama Selma. Selma akamtazama yeye, tena kwa utulivu, kwa kuwa alijua jibu. Sote tulijua. Leso ile tulikuwa tumeiona mara elfu.

"Nijibu," alisema Böhme. "Na ukumbuke unakaa nyumba ya nani, na mumeo anakohoa kazini kwa ruhusa ya nani."

"Ndiyo," Hulda akasema.

Basi. Alijibu alichoulizwa. Hakusema leso. Alifungua mdomo kidogo, mimi niliyekuwa kando yake nilisikia ulimi ukiachana na meno, halafu akaufunga.

"Na wewe, Seyfert?"

"Kama alivyosema Bibi Neubert," nikasema.

Selma hakulia, hakupiga kelele. Alifunga shali yake, akachukua kikapu chake kilichokuwa na mkate na mafuta ya nguruwe, akapita mbele yetu. Alipofika kwa Hulda alisimama. "Haya, shoga," alisema, kisha akatoka.

Neno "mwizi" lilimtangulia kila alikokwenda. Hakuna kiwanda bondeni kilichompokea. Mchumba wake, Bruno, mchimbaji wa mgodi wa juu, alirudisha pete kupitia kwa dada yake, hakuja hata yeye mwenyewe. Mwishowe Selma akaenda Oberlauth, nyuma ya mlima, kwenye kinu cha kusaga magogo ya karatasi, mahali ambapo wanawake husimama kwenye maji tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna anayeuliza unatoka wapi.

Sisi tukatengeneza sufu nyingine. Böhme mwenyewe alisimama nyuma yetu tangu mwanzo mpaka mwisho, akifunga chupa ya platini kwa ufunguo wake. Nani angeiba? Ikaishi siku kumi na nane, ikafa.

"Atakuwa aliharibu kitu kabla hajaondoka," Böhme alisema. "Wezi huwa na kisirani."

Lakini kuanzia siku ile Hulda alibadilika. Alikuwa akiitoa sufu iliyokufa mirijani na kuitandaza mezani kwa mpangilio, mwanzo wa mrija kushoto, mwisho kulia, akiiinamia kama mtu anayesoma waraka wa mahakama. Nikamwambia, "Dada, iache, imekufa." Aliendelea kuitandaza. Siku ya tatu aliniita.

"Njoo uone. Hii ya mwishoni ni nyeusi safi, kama tulivyoitia. Hii ya mwanzoni, ambako gesi inaingilia, ina ukungu. Shika."

Nikashika. Kwenye vidole ilibaki poda nyeupe kidogo, kama unga.

Ilikuwa saa ya chakula. Traugott alikuwa ameingia kuota moto chumbani kwetu, ana kiazi chake cha kuchemsha mkononi. Hulda alichukua kipande cha sufu ya mwanzoni, akakitupa kwenye makaa ya jiko, ili tu aone poda ile itafanya nini. Chumba kikajaa harufu.

"Nani anakaanga kitunguu saumu humu?" nikauliza.

Traugott alikuwa ameshasimama, kiazi kimeanguka. "Fungueni dirisha! Tokeni! Hicho si kitunguu, hiyo ni aseniki, sumu. Sisi kule tanurini tunaijua kwa pua. Imo kwenye madini yote ya huku, inapanda na moshi, inakaa ukutani kwenye mabomba nyeupe hivi hivi." Akakohoa mpaka akashika meza. "Mmeitoa wapi?"

Hulda hakutoka. Alisimama katikati ya chumba, dirisha limefunguliwa, baridi inaingia.

Mchana ule, Böhme alipokwenda ghalani, alichukua konzi ya sufu iliyokufa, akaichemsha kwenye asidi ya chumvi, akaisuuza kwa maji ya moto mara sita. Akaikausha. Akaitia kwenye mrija wa kioo wa Daktari, akawasha taa, akachoma salfa. Nilikuwa nikiulinda mlango. Nilipogeuka, moshi mweupe ulikuwa ukitoka upande wa pili. Si mwingi kama wa sufu mpya, lakini ulikuwa ule ule.

Nikapiga makofi. "Hulda! Umeifufua!"

Yeye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, mikono imelala mapajani.

"Lina," alisema. "Haikuibwa. Ilikuwa humu siku zote."

Daktari Lommer aliporudi na kuonyeshwa alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akaiyeyusha sufu ile, akaitenganisha metali, akaipima kwenye mizani yake ndogo ya kioo. Platini yote ilikuwepo. Alitueleza huku akitembea huku na huku. Aseniki inatua pale pale gesi inapopaswa kutua, alisema, ila yenyewe haina wa kuungana naye na haiondoki. Inakalia uso wa metali, chembe kwa chembe, mpaka hakuna nafasi. Metali iko hai chini yake, lakini haifikiwi.

"Bibi Neubert, hili ni jambo kubwa. Inabidi tuusafishe moshi kwanza, tuuoshe, ndipo tuupeleke kwenye platini. Ni wewe uliyeliona."

"Na Selma?" Hulda akauliza.

"Selma yupi?"

Hulda akaelekeza kidole. "Selma Uhlig, bwana. Aliyekaa kiti kile."

"Ah," alisema Daktari. Uso wake ulishuka, na nasema kwa haki kwamba aliona haya. "Ndiyo. Nitazungumza na Mkurugenzi."

Alizungumza naye. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili, kwa mdomo, kupitia kwa Böhme. Uhlig hakufukuzwa kwa wizi, rekodi inasema amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo hakuna cha kusahihisha. Böhme alilisema hilo akiwa amegeukia dirishani. Hulda akaenda kwa mchungaji, akamwomba alitamke kanisani Jumapili, kwamba Selma hakuiba. Mchungaji alikuwa mpole sana. Alisema mambo ya kiwanda yana mahali pake, na madhabahu ina mahali pake. Paa jipya la kanisa lilikuwa zawadi ya kiwanda.

"Basi nitakwenda mwenyewe," Hulda akaniambia. "Unakuja?"

Nilikwenda naye. Mwendo wa saa tatu kwa miguu kuvuka mlima, na Hulda akawa anasimama kila baada ya mita mia, anashika goti, kifua kinapiga filimbi. Nilidhani ni mlima. Tulimkuta Selma nyuma ya kinu, ameketi kwenye gogo, viatu amevua, miguu yake imekunjamana kwa maji na kuwa myeupe kama jibini. Alikuwa amekonda. Alituona tukija tangu mbali wala hakusimama.

Hulda alimweleza yote bila kupumzika, japo pumzi hana: poda, kitunguu saumu, asidi ya chumvi, mizani ya Daktari. Alimaliza kwa kusema, "Sasa najua. Hukuchukua kitu. Imethibitishwa."

Selma alikuwa akikausha vidole vya miguu kwa pindo la sketi, kimoja kimoja.

"Sasa unajua," alisema.

"Ndiyo."

"Ya platini umeyajua juzi. Mimi ulikuwa unanijua tangu shule, Hulda. Ulihitaji mizani ya nini?"

Mimi niliyekuwa nyuma ya Hulda nilitazama mti.

"Leso uliiona?"

"Niliiona."

"Siku ile uliikumbuka, au uliisahau?"

"Niliikumbuka."

"Afadhali hivyo," Selma alisema. "Nilikuwa najiuliza. Sasa nendeni, kengele italia, na sipendi wenzangu waniulize nyinyi ni nani."

Njiani kurudi Hulda alitangulia mbele yangu. Alipofika kwake alitwaa jembe, akaanza kupalilia kabichi, na Traugott alilazimika kumnyang'anya maana alikuwa akikata mizizi.

Mpango wa Daktari wa kuosha moshi haukufika mbali. Walijaribu kuupitisha kwenye mnara wa mawe na maji, wakajaribu kuuchuja, aseniki ikapungua lakini haikwisha, na kidogo tu kilitosha kuiua sufu. Kwingine Ujerumani, nilisikia baadaye, wataalamu wengine waliwahi kulifikia jambo hilo hilo kwa njia zao na wakafaulu. Kwetu Mkurugenzi alichoka. Mwaka 1888 chumba cha sufu kilifungwa, Daktari akaondoka kwenda mashariki kwenye kiwanda cha sukari, na fundi wa ujenzi akaletwa kujenga bomba refu kupita yote mliyowahi kuyaona, refu kuliko mnara wa kanisa mara tatu. Nao walikuwa wameushika moshi kwa namna yao: haukutuangukia tena. Uliruka juu ya vichwa vyetu, ukavuka mlima, ukatua Oberlauth.

Hulda alisimama kwenye kitalu chake siku ya kwanza bomba lile lilipowashwa, akiufuata moshi kwa macho kuelekea kule ulikokwenda. Nilikuwa nimepita kumpa maziwa. Nilimwona akishika ukuta.

"Unaenda kwake," alisema. "Lina, unaona? Unaenda kwake."

Tangu hapo akaanza kusema. Yeye aliyekuwa wa maneno machache alimsimamisha kila mtu: kwenye pampu ya maji, kwa mwoka mikate, kwenye ngazi za kanisa. Selma Uhlig hakuiba. Metali haikupotea. Ilifunikwa na aseniki, nimeona kwa macho yangu, harufu yake kama kitunguu saumu. Mwanzo watu walisikiliza. Kisha wakawa wanatikisa kichwa na kuendelea na safari. Mwisho wakampa jina. "Huyo anakuja, Bibi Kitunguu Saumu!" Wanawake walikuwa wakiziba pua akipita, wakicheka, na watoto walijifunza kwa mama zao. Hakuna aliyemkanusha. Hilo ndilo lililokuwa baya. Wote walisema, "Ndiyo, ndiyo, Bibi Hulda, hakuiba, tumesikia," kama unavyomwambia mtu kwamba mvua itanyesha.

Aliniomba mara nyingi. "Sema nawe, Lina. Mimi peke yangu naonekana mwehu. Tukiwa wawili tutakuwa mashahidi."

"Nitasema, dada. Ngoja wiki hii ipite."

Nilikuwa nimepata kazi ofisini kwa Mkurugenzi, ya kufagia na kuwasha majiko. Wiki zikapita.

Traugott alikufa mwaka 1890, mwezi wa pili, akiwa ameketi kitini. Hulda akatolewa nyumba ya kiwanda, akapangishiwa chumba juu ya duka la mtengeneza mikebe. Alijaribu kurudia lesi. Vidole vilikumbuka kila kitu, lakini kifua kilikuwa kimeharibika. Kuna siku chafya na filimbi zilimshika hata pasipo kitu chochote hewani, na kuna siku alikaa wima kitandani mchana kutwa, mikono imeegemea magoti, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba iliyokwama. Daktari wa mji alisema ni pumu. Alimuuliza kama ana ndugu wenye pumu. Hana. Akaandika pumu.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona ilikuwa mchana wa Oktoba 1894. Nilimpelekea viazi na jibini ya maji na mafuta ya mbegu za kitani, chakula alichokuwa akikipenda, hakukigusa. Kwenye mto wa lesi kulikuwa na kipande kilichoanzwa, pini zake zimeshika kutu.

"Kalamu unayo?" aliniuliza.

"Ninayo."

"Andika." Alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika, matatu tena. "Andika kwamba wewe, Lina Seyfert, uliona leso. Na kwamba mimi niliiona. Tia jina lako. Mimi jina langu halina uzito tena, ni kichekesho. Lako bado."

Niliandika. Wino ukadondoka juu ya neno leso, nikaandika upya. Nilipotia jina alinitazama mpaka wino ulipokauka. Halafu akafumba macho, nami nikadhani amepata nafuu.

"Ningalisema siku ile," alisema akiwa amefumba, "wangalitutoa nyumba. Tukatolewa vile vile." Akavuta hewa. "Ilikuwa neno moja tu, Lina. Neno dogo kama leso."

Nilimwambia kwamba alikuwa na mume mgonjwa, kwamba yeyote angefanya vile, kwamba hata mimi nilifanya vile. Alipunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Alikufa siku tisa baadaye. Kwenye mazishi tulikuwa watano pamoja na mchungaji, ambaye alizungumza vizuri juu ya ustadi wa mikono. Mtengeneza mikebe alikuwa na haraka na chumba chake.

Jumapili iliyofuata nilivuka mlima na ile karatasi ndani ya nguo. Upande wa pili misonobari ilikuwa imeanza kuwa myekundu, kuanzia vilele. Selma alikuwa akiishi chumba cha nyuma cha kinu. Mvi zilikuwa zimemwota pembeni mwa kichwa. Nilimwambia Hulda amefariki. Alisema amesikia. Nikampa karatasi.

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, yote, mpaka jina langu mwishoni, na nadhani aliisoma mara mbili maana alichukua muda. Kisha akaikunja kwenye mikunjo ile ile niliyoikunja mimi, akanirudishia.

"Sina pa kuiweka," alisema.

Akaufunga mlango polepole, bila hasira, kama unavyoufunga wakati kuna mtu amelala ndani.